Breki za nyuma zinasaga chuma miezi mitatu tu baada ya kuwekewa shuu mpya

Msomaji anauliza: “Nina pikapu ya mizigo, breki za nyuma ni za dramu. Miezi mitatu iliyopita fundi aliniwekea shuu mpya pande zote mbili, akanikazia na handibreki maana ilikuwa haishiki vizuri. Siku hiyo ilishika jino la pili tu, nikafurahi. Sasa kila nikikanyaga breki upande wa kulia unakwaruza kama jembe linaloburutwa kwenye saruji, na handibreki imerudi kupanda mpaka juu. Ninunue shuu tena? Na je, naweza kuendelea kubeba mizigo wakati nikitafuta nafasi ya kuitengeneza? Zana ninazo, na pedi za mbele nimewahi kubadilisha mwenyewe.”

Ndugu yangu, nianze na swali lako la pili kwa kuwa ndilo lenye haraka. Hapana, usiibebeshe mzigo. Hata ikiwa tupu, iende pale itakapotengenezewa tu, na iende polepole. Sauti unayoieleza ni ya chuma cha shuu, zile pinde mbili zinazotanuka ukikanyaga, kinachokula chuma cha dramu, lile bakuli linalozunguka na gurudumu. Lainingi, yaani tabaka la kusugulia lililo juu ya shuu, imekwisha. Kelele yenyewe haina madhara, hatari iko ndani. Kadiri shuu na dramu vinavyolika, ndivyo pistoni za silinda ya gurudumu zinavyolazimika kutoka nje zaidi kila unapokanyaga, nazo zina mwisho wake. Zikipita hapo, mpira unaacha kuziba, mafuta ya breki yanamwagika ndani ya dramu na pedali inazama. Magari mengi mfumo wake umegawanywa mara mbili, kwa hiyo breki za mbele huenda zikabaki, lakini pikapu yenye mzigo mgongoni ikiteremka kilima kwa breki za magurudumu mawili si jambo la kujaribu.

Sasa shuu. Utazinunua, hilo halina mjadala, ila usizifunge kabla hujajua kilichoziua hizi za sasa. Gari linapofunga breki uzito wake unaegemea mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Za nyuma zinasaidia, na pikapu ikiwa tupu zinasaidia kidogo sana. Ndiyo maana seti moja ya shuu za nyuma inaweza kudumu hadi pedi za mbele zibadilishwe mara mbili au zaidi. Shuu zinazokwisha kwa miezi mitatu, tena upande mmoja, mara nyingi hazijalika kwa kufunga breki. Zimelika zikiburuta njia nzima, mguu wako ukiwa kwenye pedali ya mafuta.

Na sentensi iliyonishtua katika maelezo yako ni ile ya handibreki kushika jino la pili, yaani mlio wa pili tu unapovuta mpini.

Kwenye breki za dramu handibreki haina breki yake yenyewe. Kebo inavuta mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwenye mojawapo ya shuu, na mkono huo unazitanua shuu zile zile mbili unazozitumia kwa mguu. Ukiishusha handibreki, mkono ule lazima urudi nyuma kabisa mpaka ugote kwenye kituo chake. Usipogota, shuu haipumziki, inabaki inalamba dramu. Zaidi ya hapo, adjasta inayojikaza yenyewe kadiri lainingi inavyopungua huanza hesabu zake kutoka kwenye hali hiyo ya kupumzika. Mkono ukiwa umevutwa muda wote, adjasta nayo inalala.

Kwa hiyo kuna mpangilio ambao haugeuzwi: kwanza shuu zinasogezwa karibu na dramu kwa kuzungusha gurudumu la meno la adjasta, na kebo inakuja mwisho kabisa, kwa kuondoa ulegevu tu. Anayekaza kebo ili kufidia shuu zilizo mbali na dramu anakupa handibreki nzuri siku ya kwanza. Baada ya hapo shuu inaungua taratibu, lainingi inapungua, adjasta haifuati, na mpini unaanza kupanda tena. Ndicho hasa ulichonisimulia. Magari mengi ya aina hii hutaka mpini ushike baada ya meno matano au zaidi, na idadi kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Kwa nini kulia tu? Mara nyingi kebo zinagawanyika kwenda kila gurudumu, na ya upande mmoja ikishika kutu ndani ya ala yake inavutwa lakini hairudi, wakati mwenzake anarudishwa na springi bila shida.

Hata hivyo sitamhukumu fundi wako kwa maelezo ya upande mmoja. Mashahidi wapo, tuwaite.

Kwanza hakikisha sauti ni ya breki kweli. Inayokuja hata usipokanyaga, ikabadilika unapopinda kulia au kushoto, ina harufu ya beringi. Mngurumo unaotokea pale gari linapokaribia kusimama tu, pedali ikitetemeka chini ya mguu, unaweza kuwa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inayodanganywa na sensa chafu ya gurudumu. Watu wengi wamefungua dramu nzima nzima kwa ajili hiyo. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya gari kulala kwenye mvua, unaoisha baada ya kufunga breki mara mbili tatu, ni kutu nyepesi, achana nao. Na kuna jiwe. Mimi nimewahi kufungua upande mzima wa nyuma, nikapanga springi zote juu ya gunia, nikakuna kichwa, ndipo nikaona kokoto ndogo kuliko punje ya hindi imekwama kati ya ukingo wa dramu na bamba la nyuma, lile lisilozunguka linalobeba shuu. Tangu siku hiyo bisibisi nyembamba inatangulia kupita pale kabla ya spana. Wewe unasema sauti inafuata mguu wako na handibreki nayo imepanda, basi naamini ni shuu, lakini pitisha hiyo bisibisi hata hivyo.

Halafu linganisha joto. Endesha dakika kumi barabara tulivu ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha nyunyiza matone machache ya maji kwenye rimu ya kila upande wa nyuma, karibu na katikati. Usiguse kwa mkono. Upande unaochemsha maji ndio unaoburuta. Pande zote zikiwa vuguvugu sawa, nadharia yangu ya handibreki inayumba na itabidi uangalie zaidi uchafu ndani ya dramu: pikapu inayopita kwenye tope na mito hujaza mchanga humo, na mchanga ni msasa.

Kabla ya jeki, neno moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Handibreki yako inafunga magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo unayoyanyanyua. Isitoshe utalazimika kuishusha ili dramu itoke. Gia nayo haikuokoi: ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaliruhusu lizunguke hewani na gari linaweza kutembea hata likiwa kwenye gia. Kwa hiyo tafuta ardhi tambarare iliyo ngumu, tia kabari magurudumu ya mbele mbele na nyuma, legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, kisha nyanyua na ukalishe ekseli juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa nayo.

Gurudumu la kulia likiwa hewani, handibreki imeshushwa, gia iko huru, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, una majaribio matatu ya kufanya kabla hujafungua chochote, na kwangu hii ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote. Legeza kebo ya handibreki pale inapokaziwa. Gurudumu likiachia, mwenye kosa ni kebo. Lisipoachia, fungua nipeli ya kutolea upepo nyuma ya gurudumu hilo, zungusha tena. Likiachia sasa, kuna shinikizo la mafuta lililonaswa: mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba ndani, ikapitisha mafuta kwenda lakini ikayazuia kurudi, au silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali, ambayo haifungui njia yake. Funga nipeli mara moja, hewa isiingie. Lisipoachia kwa lolote kati ya hayo, tatizo limejifungia ndani ya dramu: springi zilizochoka, adjasta iliyokazwa mno, pistoni iliyoganda, au shuu iliyonasa. Fanya hivyo na upande wa kushoto pia, upate cha kulinganisha.

Kutoa dramu ndipo watu wanapovunja vitu. Tafuta matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wake. Kwa magari mengi boliti ya M8 inaingia. Kaza moja kidogo, nenda ya pili kidogo, dramu itasukumwa nje yenyewe. Ikigoma, shuu zimejichimbia humo na ukingo uliobaki bila kulika unazizuia. Zirudishe ndani kwa kuzungusha adjasta kupitia tundu la bamba la nyuma, huku bisibisi nyingine ikisogeza kile kikono kinachoizuia isirudi. Nyundo ipige katikati ya uso, baina ya boliti za gurudumu. Ukingoni usipige kabisa. Dramu ni chuma cha kuyeyusha na kinapasuka bila kuaga.

Vumbi utakalolikuta humo usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani, na baadhi za bei ya chini, zinaweza kuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazina wema kwa mapafu. Vaa barakoa, lowesha kila kitu kwa dawa ya kusafishia breki, acha uchafu udondokee kwenye beseni. Piga picha kabla ya kutoa springi hata moja, na usifungue pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mwingine ndio ramani yako.

Sasa zishike shuu za zamani mkononi uzisome. Hapa ndipo kisa kizima kilipoandikwa. Kwa muundo wa kawaida wa pikapu, shuu mbili hazilingani kazi: ile inayovutwa ndani ya dramu na mzunguko wenyewe hulika haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo tofauti ya wastani isikutishe. Lakini ikiwa moja imefika chumani na nyingine bado nene, angalia silinda: pistoni moja imeganda, au mkono wa handibreki unaibana shuu ile peke yake. Zikiwa zimelika kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba mwingine, shuu haikai wima. Kagua vinundu vya bamba la nyuma na vile vipini vidogo vyenye springi vinavyoishikilia. Lainingi iliyobanduka vipande vipande huku ingali nene imepikwa kwa joto, au gundi yake ilikuwa mbaya tangu dukani. Kama lainingi imepigiliwa kwa ribiti, mistari miwili ya mifereji kwenye dramu ni vichwa vya ribiti vilivyofikiwa. Na uso unaong'aa kama kioo, wenye nyufa ndogo na harufu ya kuungua, unathibitisha kuburuta.

Unyevu una maana yake pia. Kunja kidogo vifuniko vya mpira vya silinda: yakitoka matone, silinda inavuja, badilisha, na ukibadilisha ya kulia badilisha na ya kushoto. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali ya difu, sili ya ekseli imekufa. Hapo usikimbilie kuweka sili mpya kabla hujaangalia kipumulio cha difu, kile kitundu chenye kifuniko juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto inajijaza shinikizo na kusukuma mafuta nje kupitia sili, hata iwe ya jana. Shuu zilizolowa mafuta ya aina yoyote hazioshwi, hazichomwi, hazipigwi msasa. Zinatupwa.

Dramu ipime. Ndani au ukingoni imechongwa herufi MAX DIA na namba: huo ndio upana wa mwisho unaoruhusiwa, na kwa kawaida ni milimita chache tu zaidi ya dramu mpya. Kwa kuwa chuma kimekula chuma, yako ya kulia ina mifereji. Ikiwa baada ya kukerezwa itabaki chini ya namba ile, ikakerezwe, na ya kushoto nayo ifuate ili zilingane. Ikipita, au ikiwa na ufa, au mabaka ya buluu yaliyoungua, ni ya kutupa. Kuweka shuu mpya juu ya dramu yenye mifereji ni kununua sauti ile ile kwa mara ya tatu. Na nashuku ndicho kilichofanyika safari iliyopita, maana hukunitajia kwamba dramu ilipimwa.

Kwenye bamba la nyuma utaona vinundu vilivyoinuka, kwa kawaida vitatu kwa kila shuu, ambavyo shuu huteleza juu yake. Vikiwa vimechimbika, shuu inanasa kwenye shimo na kushindwa kurudi. Visawazishe kwa tupa, paka grisi ya kuhimili joto, kiasi cha ukucha, hapo tu. Adjasta ifungue yote, safisha nyuzi, paka grisi hiyo hiyo, uzungushe kwa vidole mpaka iende laini. Ya kulia na ya kushoto zimekatwa nyuzi kinyume. Ukizibadilishana, kila inapodhani inakaza inalegeza, na utarudi kuniuliza kwa nini pedali inazidi kushuka. Springi zilizopikwa na joto badilisha zote. Hazigharimu kitu ukilinganisha na kazi ya kufungua mara ya pili.

Na kebo: vuta kwa mkono, achia. Isiporudi yenyewe upesi, iweke mpya. Kuimwagia mafuta kunaisaidia wiki moja, halafu kutu inarudi mahali pake.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mambo machache. Kebo iwe imelegezwa kabisa unapofunga shuu. Hakikisha mkono wa handibreki umegota kwenye kituo chake. Kama haukugota, simama hapo hapo utafute kinachouzuia. Dramu mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ifute kwa dawa ya breki. Zungusha adjasta mpaka dramu iingie kwa kugusa kidogo sana shuu, kanyaga pedali mara kadhaa zikae katikati, kisha rekebisha tena mpaka usikie mkwaruzo mwepesi tu ukizungusha gurudumu. Fanya pande zote mbili hivyo. Ndipo ugeukie kebo: ondoa ulegevu, vuta handibreki, hesabu meno, ishushe, zungusha magurudumu yote mawili. Likiwa zito hata moja, umekaza mno, rudisha.

Kama ulifungua silinda, toa upepo, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Pikapu nyingi zina vali karibu na difu inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli. Baadhi ya vali hizo zina nipeli yake, na magari yenye ABS yana utaratibu wake kwenye kitabu. Fimbo hiyo usiipinde wala kubadilisha urefu wake. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki la gari, DOT 3 au DOT 4. Tone la mafuta ya injini humo linavimbisha mipira ya mfumo mzima.

Nati za gurudumu kaza kwa mshazari, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Kabla ya kutoka kanyaga pedali ukiwa umesimama: iwe juu na ngumu. Kisha tafuta barabara tupu, fika kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu mpaka 15 bila kusimama, achia ipoe kwa mwendo, rudia mara kumi hivi. Siku mbili tatu za mwanzo usipakie mzigo mkubwa.

Baada ya wiki rudia lile jaribio la matone ya maji. Kulia kukichemka tena na kushoto kukiwa baridi, usirudi kwenye dramu. Legeza kebo kwanza na uzungushe gurudumu.